Kicheko cha Mama

Jina la Cheche alipewa na baba yake tangu akiwa mtoto wa kutambaa, kwa sababu, mzee alisema, huyu ukimgusa tu anaruka. Alipokwenda nje kusomea sanaa za maonyesho aliwaambia wenzake wamwite hivyo hivyo, maana jina lake la kwenye vyeti walikuwa wakilivunja vipande kila walipolitamka. Nao wakalipenda. Hawakujua kwamba lilikuwa onyo.

Mwaka wake wa pili chuo kiliwapeleka mji mkuu kwa wiki nzima. Mchana watembezwe, jioni watazame tamthilia. Walifikia nyumba ya wageni yenye ngazi za mbao zilizolia kila ukizikanyaga na vyumba vya vitanda sita sita. Aliyewaongoza alikuwa mwalimu wao wa uandishi wa tamthilia, mama mwembamba mwenye sauti ya kubembeleza. Hakuwa mtu mbaya. Ila alikuwa na tabia moja: likitajwa jambo lolote la nchi za mbali, vita, mahari, ukame, alimgeukia Cheche kwa upole na kumwomba awaeleze, kana kwamba binti huyo amezaliwa katika kila kijiji cha dunia isipokuwa cha mwalimu mwenyewe. Cheche alikuwa amezoea kujikaza na kujibu.

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri. Jumatatu walizungushwa katika jumba la wafalme wa zamani, na mwenzao mmoja waliyemwita Mrefu akamuuliza mlinzi kama mfalme alikuwa akilala amekunjwa, maana kitanda chenyewe kilikuwa kifupi mno. Jumanne waliona bustani iliyojengwa ndani ya vioo, humo joto lilikuwa la nyumbani kabisa, na Cheche akakaa hadi akafukuzwa na mfagiaji. Jioni hiyo walitazama mchezo wa mzee mmoja anayekataa kufungua mlango wake, basi, hakuna kingine, na Cheche alitoka akiwa kimya kwa furaha. Hicho ndicho alichokuwa amekifuata ng'ambo.

Jumatano ilikuwa zamu ya tamthilia ya dada yake.

Alikuwa mtoto wa mama mkubwa, lakini kwao mtoto wa mama mkubwa ni dada, hakuna neno jingine. Alikuwa ameishi katika mji ule miaka mingi na sasa alikuwa mwandishi anayeanza kutajwa magazetini. Cheche alipofika ugenini mara ya kwanza, kabla chuo hakijafunguliwa, alikaa kwa dada huyo katika nyumba ndogo ya ghorofani, wakilala kitanda kimoja, mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule. Na ni katika jiko la nyumba ile, mvua ikipiga dirisha, ndipo Cheche alipomsimulia jinsi baba alivyozikwa. Dada hakuwa amekuja mazishini. Vibali vyake vya kuishi vilikuwa havijakamilika. Angetoka, asingeruhusiwa kurudi.

Mambo yalikuwa hivi. Baba yake Cheche alikuwa mtu wa makelele. Aligombana na majirani, wakata tiketi, redio, na asubuhi inayofuata akaamka na kumsalimu kila mtu kama vile hakuna lililotokea. Alipolazwa mara ya mwisho na kujua kwamba hatoki, aliwaita mkewe na Cheche karibu na kitanda akawaambia, kwa sauti iliyobaki kidogo: "Siku yangu mtamwona kaka yangu anasimama na karatasi, anasema nilikuwa mpole. Tafadhali, msije mkacheka."

Na kweli. Jeneza lilipokuwa linateremshwa, baba mkubwa akasimama, akavaa miwani, akasoma kwamba marehemu alikuwa mtu mpole ambaye hajawahi kumpandishia mtu sauti. Cheche aliuma mtandio wake hadi meno yakauma. Mama aliinamisha kichwa, akaweka mgongo wa mkono mdomoni kama alivyofanya siku zote kuficha jino lake lililovunjika, mabega yakaanza kumtikisika, watu wakadhani analia. Kisha kikamtoka. Kicheko kirefu cha mtu aliyechoka, mbele ya kaburi la mumewe, na hakuweza kukizuia.

Mashemeji hawakumsamehe. Hakuna aliyeuliza alicheka nini. Kwanza walisema amerukwa na akili, halafu wakasema hapana, akili anazo, tena nyingi, mtu hafi hivi hivi. Tangu siku hiyo mama aliacha kwenda kwao, na mbele za watu akaacha kucheka.

Dada aliyasikiliza yote hayo huku amemshika Cheche mkono. Alilia pia. Anayelala na mgonjwa ndiye ajuaye mihemo yake, na usiku ule Cheche alihisi amempata wa kulala naye kwenye msiba.

Sasa, siku ile ya Jumatano, ukumbi wenyewe ulikuwa ghala la zamani la nyuzi, viti vya plastiki vimepangwa pande tatu za jukwaa. Dada alikuwa amemwambia tu kwenye simu kwamba atashangaa. Cheche alikaa safu ya pili, kati ya mwalimu na Mrefu, roho imemjaa fahari, akiwanong'oneza wenzake kwamba aliyeandika ni dada yangu, damu yangu kabisa.

Kwa muda alicheka na wengine. Ilikuwa habari ya mwanamke aliyechoshwa na mume mgomvi, akawa anamtilia sumu kwenye chai, tone kwa tone, huku akimuuliza kama sukari imekolea. Watu walivunjika mbavu. Kisha taa zikabadilika na jukwaani pakawa na kaburi. Akasimama mwanamume mwenye miwani na karatasi. Akasoma: marehemu alikuwa mtu mpole.

Cheche aliganda.

Mwigizaji aliyevaa ujane akainamisha kichwa. Akaweka mgongo wa mkono mdomoni. Si kiganja, mgongo wa mkono. Mabega yakaanza. Kisha akacheka, akacheka, akachomoa kichupa cha sumu kwenye mkoba na kukiinua juu kama mtu anayetakia wenzake afya, na ghala zima likalipuka kwa kicheko. Mrefu alikuwa anajipiga mapaja. Mwalimu alikuwa anafuta machozi ya kucheka.

Cheche hakukumbuka yaliyofuata hadi mwisho. Alikumbuka tu jinsi alivyoshika pande mbili za kiti ili asinyanyuke.

Baada ya mchezo paliwekwa viti vitatu jukwaani: dada, mwongozaji wa mchezo na mwigizaji mkuu, watazamaji waulize maswali. Mtu mmoja aliuliza wazo lilitoka wapi. Dada, amependeza, shingo ndefu, akajibu kwamba lilitoka kwenye mawazo tu, na kidogo kwenye hadithi za kwao. Hapo mwalimu akamwinamia Cheche na, kwa sauti yake ile ya kubembeleza, akamwomba awaambie watu yeye kama mtu wa kule ameuonaje. Kipaza sauti kikaletwa. Cheche akasimama.

"Mwanamke yule ni mama yangu," alisema. "Yuko hai. Hakumuua baba yangu."

Mahali fulani nyuma mtu mmoja akaanza kupiga makofi, mwingine akafuata, na ndani ya pumzi moja ghala zima lilikuwa linampigia makofi. Walidhani ni ushuhuda. Walidhani wamepewa zawadi juu ya tiketi. Mwalimu alimshika kiwiko, macho yamemlowa, akasema ahsante. Na pale juu dada aliangalia viatu vyake, halafu, kwa kuwa kila mtu alikuwa anapiga, naye akapiga, polepole.

Kati ya yote ya jioni ile, ni makofi yale mawili matatu ya dada ambayo Cheche hakuweza kuyameza. Kwenye ukumbi wa kutokea dada alimkimbilia akimwita mdogo wangu. Cheche alimwambia asimguse, akatoka nje akatembea hadi nyumba ya wageni bila kofia, kwenye baridi ya kukata masikio, na hakuisikia.

Alhamisi darasa lilikuwa linakwenda kupanda mnara wa saa. Dada alikuwa anamsubiri mlangoni, macho yamevimba, amekwisha kukata tiketi yake. Cheche alimpita kama anavyopita nguzo. Lakini ngazi za mnara ule zilikuwa nyembamba na za kuzunguka, ukishaingia huwezi kurudi maana nyuma yako kuna watu, na hivyo wakajikuta wanagombana huku wanapanda, mmoja mbele mmoja nyuma, kwa lugha ya nyumbani, sauti zikigonga mawe. Watalii waliokuwa wanashuka walijibana ukutani wawapishe.

Dada alisema kwamba mwanzoni aliandika kama alivyosimuliwa. Neno kwa neno. Mwongozaji akasoma akamuuliza, basi ni hivyo tu, alicheka kwa sababu ya utani wa mgonjwa? Wakajaribu na waigizaji, ikapwaya.

"Ukweli ule haukusimama jukwaani," alisema, akihema.

"Kwa hiyo ukamshikisha mama sumu."

"Si mama. Ni mhusika."

"Mhusika gani huyo anayeficha jino kwa mgongo wa mkono?"

Dada naye akapandwa na hasira. Alisema kwamba mama wa Cheche ni mama yake pia, nani alimlea likizo zote alipokuwa mdogo, nani alimfundisha kusuka nywele? Alisema kwamba baba alipokufa yeye alikuwa peke yake katika chumba cha kupanga, bila hata mtu wa kumwambia pole, na kwamba Cheche alipata kaburi la kulilia, yeye hakupata kitu. Naye ana haki ya msiba ule.

"Basi ungelia," Cheche alisema bila kugeuka. "Nani amekukataza kulia? Wewe umechekesha watu."

Walipofika juu upepo ulikuwa mkali na mji wote umelala chini yao, mapaa ya kijivu, mto, magari kama punje. Mzee mmoja mtalii alimpa Cheche simu akamwomba awapige picha yeye na mkewe. Cheche akawapiga. Baadaye yule mzee aliangalia picha, akaona amekatwa kichwa, na hakuthubutu kuomba nyingine.

Dada alisogea karibu na uzio akasema jambo ambalo alidhani lingetuliza. Alisema kwamba kwa vyovyote vile, ni ukumbi mdogo, lugha ngeni. Hakuna mtu wa nyumbani atakayeona kamwe.

Walichukua siku moja tu kuona.

Ijumaa mchana darasa lilikuwa katika jumba la makumbusho ya mavazi, mbele ya koti la jenerali fulani, simu ya Cheche ilipoanza kutetemeka. Alitoka hadi uani, akasimama kando ya mapipa ya taka. Alikuwa mama. Watu wa ule ukumbi walikuwa wameweka kipande cha mchezo mtandaoni, kipande kile kile cha kaburini, jina la mwandishi limeandikwa chini kwa herufi kubwa. Mtoto mmoja wa baba mkubwa alikiona akakisambaza kwenye kundi la ukoo. Lugha hawakuielewa, lakini kichupa walikielewa. Na sasa mashemeji walikuwa wanasema: si tulisema? Hata mtoto wa dada yake mwenyewe anajua.

Mama hakulia. Cheche angependa alie. Aliuliza tu, kwa sauti kavu, "Hapo anapoinua kile kichupa, watu walicheka?"

"Walicheka, mama."

"Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

Mama akasema, "Nipeleke kwa dada yako."

Cheche hakurudi hata kuchukua koti lake. Ghalani walikuwa wanarekebisha taa, mwongozaji yuko juu ya ngazi akipiga kelele, na dada ameketi safu ya mbele na kikombe cha kahawa. Cheche aliweka simu mbele yake, sauti imefunguliwa. Dada alipoona jina, aliweka kikombe chini.

"Shikamoo mama mdogo."

Marahaba haikuja. Dada alisubiri, na kusubiri kule kulimnyong'onyeza kuliko matusi yote ambayo Cheche alikuwa amemwandalia.

"Mume wangu nilimzika mara moja," mama alisema. "Siku hiyo hiyo mashemeji zangu wakanizika na mimi kwa maneno yao. Nikanyamaza. Nikasema, watachoka. Sasa naambiwa wewe unanizika kila jioni, na watu wanakata tiketi."

Dada alianza kulia. Alisema hakukusudia, alisema mchezo si maisha, kisha, kwa haraka, kama mtu aliyeona mlango, akasema anaweza kuandika upya. Ataweka ukweli. Ataweka maneno ya baba kitandani, watu wote wajue kwa nini mama alicheka, atamsafisha jina mbele ya dunia. Cheche alihisi damu inampanda upya kichwani. Maneno yale ya kitandani yalikuwa ya watu watatu, na mmoja wao alikuwa chini ya udongo. Lakini mama alimtangulia.

"Usiweke ukweli, usiweke uongo. Nitoe humo."

"Mama mdogo, hii ni kazi ya watu wengi, sina..."

"Nitoe humo. Ukimaliza, umpigie shemeji yangu. Umwambie ile sumu uliitia wewe, si mimi."

Akakata.

Mwongozaji alikuwa ameshuka kwenye ngazi akiuliza kuna nini. Dada alimweleza, na Cheche alibaki pale pale amekunja mikono hadi aone. Ulikuwa ugomvi mzito. Yule bwana alisema kwamba onyesho la kaburini ndilo moyo wa mchezo, ndilo linaloandikwa magazetini, kwamba mwandishi akianza kusikiliza jamaa zake basi na aende akaandike kadi za harusi. Dada alimjibu kwamba maandishi ni yake na mkataba unasema hivyo. Wakarushiana maneno hadi fundi taa akatoka nje kuvuta sigara. Mwishowe yule bwana alitupa daftari lake kitini na kusema sawa, kaburi limetoka, kile kipande cha mtandaoni nacho kitatolewa, na wewe usiniletee mchezo mwingine tena.

Kisha dada akampigia baba mkubwa. Alisalimia, akajieleza, akasema kwamba habari ya sumu ameitunga yeye kichwani mwake, mama mdogo hahusiki na hajui lolote. Baba mkubwa alimsikiliza hadi mwisho. Halafu akasema, kwa ile sauti yake ya kusoma karatasi, kwamba yeye hakuwa amesema kitu, watu ndio wanaosema. Akauliza hali ya hewa ya huko ikoje.

Ndiyo yote yaliyopatikana. Kipande kilitolewa, lakini kwenye simu za ukoo kilikuwa kimekwisha kuhifadhiwa. Mate yakishatemwa hayazoleki. Cheche alitoka ghalani bila kuaga. Alikuwa amepata alichokidai, na hasira haikuwa imepungua hata chembe. Ilikosa tu mahali pa kusimama.

Jumamosi hakwenda kokote. Wenzake walikwenda kutazama mchezo wa mwisho wa wiki, yeye akabaki kitandani amegeukia ukuta. Mwalimu alikuja akaketi ukingoni mwa kitanda. Alisema kwamba ule ujasiri wake wa Jumatano ulimgusa sana, na kwamba angeweza kuuandika, ingekuwa kazi nzuri mno ya kumalizia muhula. Cheche aligeuka akamtazama. Alimwambia, kwa adabu zote alizolelewa nazo, kwamba aliposimama pale hakuwa anatoa ushuhuda, alikuwa anakanusha, na watu waliposikia mtu anakanusha wakapiga makofi. Na mwalimu alikuwa wa kwanza kumshukuru. Akamwambia pia kwamba kuanzia siku hiyo, likitajwa jambo la mbali darasani, asimgeukie yeye. Uso ulimwiva mwalimu. Akasema samahani, safari hii kwa sauti ya kawaida kabisa, akaondoka akizikanyaga zile ngazi taratibu.

Jumapili asubuhi Mrefu alimwambia, bila kuulizwa, kwamba jana yake aliachana na wenzao akarudi ghalani kuuona mchezo wa dada tena kwa sababu alisikia umebadilishwa. Ulikuwa umepwaya, alisema. Mjane alifika mwisho akasimama tu, na watu wakatoka wakiulizana kama umekwisha. Cheche alisema vizuri.

Walipofika kituo cha treni dada alikuwa pale, chini ya saa kubwa, nywele hazijachanwa. Wenzake Cheche walitangulia. Wawili hao wakasimama wakitazamana kama watu waliokutana kwenye foleni.

"Umenigharimu kazi yangu," dada alisema. Hakulia. Naye alikuwa na hasira sasa, ya kweli, na Cheche aliiona akaiheshimu kuliko machozi ya Ijumaa.

"Wewe umemgharimu mama."

"Najua."

"Hujui. Hujui kabisa. Wewe huishi mtaa mmoja na mashemeji zake."

Treni ilitangazwa. Begi la Cheche lilikuwa zito kwa vitabu vya tamthilia alivyonunua siku za mwanzo, alipokuwa bado na raha, na mpini wake ulikuwa umekatika. Dada aliinama akalinyanyua kwa mikono miwili, akaanza kutembea nalo kuelekea behewa, ameinamia upande mmoja, akigongwa magoti kila hatua. Cheche alimfuata nyuma. Angeweza kushika upande wa pili. Hakushika. Wala hakumnyang'anya.

Mlangoni dada alilipandisha begi, akasukuma kwa bega hadi likaingia. Akauliza, akiwa bado anaangalia begi, kama mama mdogo atapokea simu yake siku moja.

Cheche alimwambia kwamba hajui, amuulize mwenyewe. Akapanda, akatafuta kiti upande wa pili wa behewa, usioonekana kutoka jukwaa la kituo. Treni ilipoanza kuondoka hakugeuka kutazama kama dada alikuwa amekwisha kwenda au bado amesimama.